Pimeni Mzigo, Msimpime Mpagazi

Mwaka juzi mpwa wangu, ambaye ni muuguzi na pia mwalimu wa wauguzi katika hospitali moja ya mafunzo, alinitembelea akitoka zamu ya usiku. Mkobani alikuwa na hojaji aliyopewa na wakubwa wake ili kupima ustawi wa watumishi. Ni kile kipimo kifupi kiitwacho WHO-5, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1998. Mtu huulizwa habari za wiki mbili zilizopita: kama alikuwa mchangamfu, kama alikuwa mtulivu, kama alikuwa na nguvu, kama aliamka amepumzika, na kama siku zake zilikuwa na mambo ya kumvutia. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla ni 25, na anayepata chini ya 13 huhesabiwa kuwa hali yake si njema.

Alipofika swali la nne aliweka kalamu chini. "Mjomba," akasema, "mtu ambaye hakulala anaamkaje?"

Alipata alama 7. Karatasi zikakusanywa. Baada ya miezi kadhaa yeye na wenzake wakaitwa kwenye semina ya siku moja, wakafundishwa namna ya kuvuta pumzi na kupanga muda wao vizuri. Kesho yake wakarudi wodini, na orodha ya zamu ilikuwa ile ile.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na vipimo. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, nami najua thamani ya alama. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha uchovu wa kazi chenye maswali 22, wakatuonyesha mambo matatu ya kutazama: moyo kukauka, kuanza kumwona mgonjwa kama kitu, na kuona kwamba kazi uifanyayo haina tija. Muuguzi yeyote aliyekaa wodini miaka kumi atakuambia kwamba mambo hayo yapo.

Lakini tusome hadi mwisho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoueleza uchovu huo katika orodha yake mpya ya magonjwa, lilisema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa. Ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Basi, kama chanzo kiko kazini, kwa nini tunampima mpagazi kila mwaka, na mzigo alioubeba hatuuweki kwenye mizani hata siku moja?

Nitajibiwa kwamba bila takwimu hakuna atakayetoa fedha za kuajiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini naijua pia njia ambayo takwimu za namna hii hupita, maana mimi mwenyewe nilizipitisha.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilitakiwa kutoa taarifa kuhusu ari ya wakufunzi. Mwaka mmoja niliwagawia karatasi zisizo na majina. Mmoja aliandika kwamba amechoka, kwamba vipindi vimemzidi, na kwamba anafikiria kuacha kazi. Niliutambua mwandiko wake. Nikamwita ofisini, nikamwambia kwa upole kwamba maneno ya namna ile hayajengi chuo. Kwenye taarifa nikaandika: ari ni nzuri. Muhula haujaisha, akaondoka. Vipindi vyake nikawagawia waliobaki. Mwaka uliofuata hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba amechoka, na alama zikapanda.

Ndiyo maana nikiona hojaji isemayo "majibu yako ni siri", kisha inauliza umri, jinsia, kada na idara, nacheka kwa uchungu. Katika zahanati yenye watumishi watatu na mkunga mmoja, siri hiyo ni ya nani? Mkunga atajaza kile ambacho mkubwa wake anapenda kusoma.

Anayefundisha huku anatibu ana taabu ya ziada. Asubuhi anapita kitanda hadi kitanda, na wanafunzi nyuma yake. Mgonjwa anamsubiri, mwanafunzi naye anamsubiri, na mitihani ya kusahihisha inamngoja nyumbani. Hospitali inahesabu wagonjwa wake. Chuo kinahesabu vipindi vyake. Hakuna anayezijumlisha hesabu hizo mbili. Huyo akichoka hachoki peke yake, kwa kuwa wanafunzi wanamtazama. Akimjibu mgonjwa kwa ukali mbele yao, amekwisha kuwafundisha somo ambalo halimo katika mtaala wowote, nao watalikumbuka kuliko mihadhara yote.

Mzigo huo unapimika bila kumuuliza mtu habari za moyo wake. Fungueni daftari la zamu, muone muuguzi mmoja amekesha usiku mangapi mfululizo. Fungueni rejista ya wodi, mgawanye wagonjwa kwa wauguzi waliokuwapo. Hesabuni wanafunzi wanaozunguka kitanda kimoja na mwalimu mmoja. Tazameni likizo zilizoombwa na zilizokataliwa, na malimbikizo ya posho ambayo hayajalipwa. Hesabu hizo zote zimekwisha kuandikwa. Hazihitaji siri, wala hazimtii mtu hofu, isipokuwa mkubwa anayetakiwa kuzijibu.

Baada ya hapo, kama bado mnataka kugawa hojaji, gawieni. Lakini iwe na ukurasa wa mwisho ambao mtumishi haujazi. Aujaze mkuu wake, kwa jina na sahihi: nimesoma majibu haya, nitapunguza jambo fulani, kabla ya tarehe fulani. Ukurasa huo ubandikwe ukutani, karibu na orodha ya zamu.

Mimi sikuujaza ukurasa wa namna hiyo. Yule mkufunzi nilimpima, nikamjua hali yake, nikamwacha aende.