Mlipeni mwalimu wa chekechea pale pale alipo

Darasa jipya la chekechea likizinduliwa huku kwetu pwani, hakukosi hema, viti vya plastiki vya kukodi, na mwakilishi wadi aliyeshika mkasi. Sina ugomvi na utepe. Kinachonikera ni pale darasa hilo linapojengwa hatua chache tu kutoka chekechea iliyokuwapo miaka na miaka, yenye watoto, yenye walimu waliofunzwa, yenye kila kitu ila mshahara.

Nimefundisha chekechea hapa Likoni mpaka magoti yakagoma kukalia vile viti vya watoto. Sasa mimi ni mweka hazina wa kamati ya chekechea iliyo ubavuni mwa msikiti wa mtaani kwetu, mojawapo ya zile zilizolelewa na mpango wa Madrasa. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nina upande.

Wazee wenzangu wanakumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto wa Kiislamu walijaa vyuoni, yaani madrasa za Kurani, wanahifadhi juzuu vizuri, lakini shule nzuri za msingi zilitaka mtoto aliyepitia nasari. Na nasari zenyewe ama zilikuwa ghali, ama wazazi waliziogopa kwa ajili ya dini ya watoto wao. Viongozi wakalipeleka jambo hilo kwa Aga Khan, na wakfu wake ukaingia kazini. Aliyeibeba kazi yenyewe ni mwalimu wa hapa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said. Hakwenda kutafuta kiwanja kipya. Alikwenda mahali ambapo mama wa Kiswahili alikuwa tayari anamwamini mtu kumwachia mwanawe, yaani chuoni, akaingiza humo michezo, hesabu, nyimbo na hadithi, na Kurani ikabaki mahali pake. Mpango ukavuka bahari hadi Zanzibar mwaka 1990, ukafika Uganda mwaka 1993, na chekechea zilizopitia mikononi mwake katika nchi hizi tatu zikapita 200.

Wafadhili nimewaona wa kila aina. Wengi huja na magunia, wakapiga picha na watoto, wakaondoka na vumbi lao. Hawa wa Madrasa walikuja na masharti. Mtaa utoe mahali. Mtaa uunde kamati. Mtaa uchague wanawake wake wenyewe wakafunzwe ualimu. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wamemaliza sekondari. Mwenzangu niliyefundisha naye miaka mingi alikuwa akikaanga mahamri alfajiri kabla ya kuja darasani, na mpaka leo mumewe mwenyewe humwita Mwalimu mbele za watu. Mkufunzi akitutembelea, alivua viatu, akakaa mkekani nyuma kabisa, akaandika. Watoto wakishakwenda zao ndipo anapouliza, kwa upole lakini bila kukuacha: "Mwalimu, yule mtoto wa pembeni amejenga kitu asubuhi nzima. Mbona hukumuuliza alichojenga?" Kufunzwa namna hiyo hakuishi siku ya cheti.

Tulifundishwa kwamba mtoto kwanza aseme atacheza nini, kisha acheze, kisha asimulie alichofanya. Mgeni akichungulia dirishani huona fujo. Kona moja ilikuwa duka: vifuu viwili na kamba ndiyo mizani, mchanga ndio unga, vizibo vya soda ndizo pesa. Siku moja alisimama kaunta kijana wa miaka minne, mkono kiunoni, mteja wake akaomba unga wa ishirini. Akamjibu kwa sauti ya mtu mzima kabisa: "Deni la mama yako bado. Mwambie aje mwenyewe." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto wa miaka minne habuni maneno hayo. Ameyasikia akiwa ameshika leso ya mamake dukani. Jioni nilipita kwao kama mtu anayepita tu, nikapewa kigoda, tukazungumza habari za mvua na za feri, na mwisho ikatoka: baba alikuwa hajapata kibarua cha mjengo tangu mfungo uanze.

Hiyo ndiyo kazi isiyoandikwa kwenye cheti cha mwalimu wa chekechea wala kwenye ripoti ya mfadhili. Anajua nyumba yenye njaa kabla ya chifu, kabla ya imamu, na wakati mwingine kabla ya jirani wa ukuta mmoja. Anajua kwa sababu mtoto hawezi kuficha. Anasinzia saa tatu asubuhi. Anauliza uji kabla ya salamu. Mwenye kuyaona hayo kila siku ndiye awezaye kuyapeleka panapohusika bila kumvunjia mtu heshima, na heshima kwetu huku ni mali. Kuna familia itakayolala njaa wiki nzima kuliko kuonekana kwenye foleni ya msaada.

Kuna bibi mmoja wa Mtongwe aliyeachiwa wajukuu pacha, binti yake akenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Miezi ya kwanza pesa zilikuja, baadaye zikawa za kusuasua, kisha kimya. Alikuja kuwatoa watoto chekechea, kavaa buibui lake la sikukuu ili asidharauliwe.

"Mwalimu, sina hata shilingi," alinambia.

"Bibi, sufuria unayo?"

Alikuwa nayo, ya harusini, ya kupikia watu mia. Kamati ikakubaliana apike uji wa asubuhi na karo ya wajukuu ihesabike humo. Kumbe tulipata zaidi ya mpishi. Akishaosha vikombe hukaa na watoto akawatolea ngano za sungura na fisi, na hakuna kitabu cha picha tulichowahi kupewa kilichowanyamazisha watoto namna ile.

Wanaotaka ushahidi wa wataalamu nao upo. Mwaka 2008 Peter Mwaura, akiwa na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliokwenda chekechea yoyote walikuwa mbele ya wenzao waliobaki nyumbani katika vipimo vya akili, na wa chekechea za Madrasa waliwapita hata wale wa chekechea nyingine. Wanawake wasiomaliza sekondari, kwa vifuu na vizibo. Ningekuwa mwanasiasa ningeitangaza habari hiyo kwa kipaza sauti kila mkutano.

Lakini njoo sasa kwenye daftari langu la karo. Hakuna mzazi anayelipa karo ya mwezi kwa mkupuo. Wanalipa hamsini leo, mia wiki ijayo, anayefua nguo za watu akilipwa, wa boda akimaliza kulipia pikipiki ya tajiri, wa kiwanda cha nguo cha EPZ mwisho wa mwezi, na wa hotelini watalii wakirudi. Wengine huleta nazi. Nikishatoa pesa za unga, sukari, chaki na maji, kinachobaki ndicho mshahara wa mwalimu. Kuna mwezi nilimpa mwenzangu bahasha, akaifungua mbele yangu, akacheka, akanirudishia nusu niongeze unga.

Watu wa mashirika hutusifu kwamba chekechea hizi zimedumu kwa sababu ni mali ya jamii. Ni kweli, na sifa hiyo naipokea. Ila jamii yenyewe ni nani? Ni mfua nguo na mwendesha boda, na juu yao wote ni mwalimu anayejazia pengo kutoka mfukoni mwake mtupu. Anayefadhili elimu ya awali katika mitaa hii kuliko wote ni mwanamke aliyelipwa nusu mshahara. Bi Swafiya aliwapa maskini shule iliyo yao, na hilo ni jambo kubwa. Bili ya kila mwezi haikupasa kubaki kwao milele.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo mwenye jukumu anajulikana. Kaunti zimeajiri walimu na kujenga madarasa, na pahali pasipokuwa na chochote nasema wajenge, tena haraka. Ila darasa la bure likifunguliwa jirani na letu, mzazi wa hamsini hamsini atahama kesho yake, na mimi nitamwambia hama, mama, usijionee haya. Kitakachopotea hakitaonekana siku ya utepe: mwalimu anayejua nyumba zote za mtaa atarudi kwenye mahamri, na cheti chake kitabaki ukutani.

Tena darasa hilo litaanzia miaka minne, umri wa PP1. Mama wa EPZ ana mtoto wa miezi minane anayemwacha kwa jirani, chumba kimoja, watoto wengi, mlango umefungwa wasitoke barabarani. Umri huo ndio unaoamua mengi. Takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Kilifi, kaunti jirani yetu, walio chini ya miaka mitano, 37 walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti zote nchini, wakati wastani wa Kenya ulikuwa 18. Mtoto akifika kwetu na miaka minne, uji wa bibi unamshibisha lakini urefu uliopotea haurudi. Nani atapita nyumba kwa nyumba kuwaona hao wadogo? Yule yule anayezijua nyumba, akilipwa ya kumtosha ili mchana awe na nguvu ya kutembea.

Nitaulizwa, na nimeshaulizwa: pesa za umma ziende kwenye chekechea ya msikiti? Hebu tuhesabu shule za msingi za serikali zilizoanzishwa na kanisa, ambazo kanisa hadi leo ndilo mfadhili wake, jina la mtakatifu liko getini, na ndani walimu wanalipwa na Tume ya Huduma za Walimu. Hakuna aliyesema Kenya imegeuka parokia. Chekechea ikisajiliwa, ikipokea mtoto wa yeyote bila kuuliza dini, mwalimu wake akiwa na cheti kinachotambuliwa, na hesabu zake zikikaguliwa, kwa nini mwalimu asiingie kwenye orodha ya mishahara ya kaunti na jengo likabaki la jamii? Isiyotimiza masharti isilipiwe, hata kama imamu ni shemeji ya mtu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na wananchi huitwa kutoa maoni. Hapo ndipo jambo hili linapaswa kusemwa, na wanaopaswa kulisema ni akina mama wa daftari langu. Kikao kikiitwa Jumanne saa tatu asubuhi, mmoja yuko kwenye cherehani kiwandani na mwingine ana beseni la nguo za watu. Kiitwe Jumapili alasiri. Ukumbi tutatoa sisi bure, ila waheshimiwa watavumilia viti vya watoto.