Picha ya ubongo wa mtu wa Kyela isomwe na nani?

Mvuvi wa Matema, wilayani Kyela, akipatwa na kiharusi alfajiri, ndugu zake wana muda mfupi sana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa kabla hazijapita saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT-Scan kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Anayevuja akipewa dawa hiyo, inaweza kummaliza. Na kutoka Matema ni kupita Ipinda, kupanda Tukuyu, kushuka Uyole, ndipo Mbeya mjini kwenye kipimo hicho.

Tangu Serikali itumie mkopo wa IMF wa 2021 kununulia hospitali za rufaa za mikoa CT-Scan, mashine si adimu kama zamani. Adimu ni bingwa wa radiolojia wa kusoma picha saa nane za usiku.

Ndiyo maana programu za akili mnemba zinastahili kusikilizwa. Mwaka 2000 madaktari wa Kanada walichapisha kipimo kiitwacho ASPECTS: eneo linalolishwa na mshipa mkubwa wa kati wa ubongo hugawanywa sehemu 10, na kila sehemu iliyoanza kuharibika hupunguza alama moja. Katika saa za mwanzo, kinachotafutwa ni weusi hafifu mno ndani ya kijivu, na hata mabingwa wawili wakiitazama picha ileile huweza kutoa alama tofauti. Utafiti wa 2017 uliipima programu ya e-ASPECTS, inayotoa alama hizo yenyewe na iliyotengenezwa Oxford, kwa picha za wagonjwa 132. Haikuzidiwa na mabingwa. Leo hospitali nyingi za Uingereza zinatumia programu za aina hiyo.

Lakini ubongo uliofundisha programu hizo si lazima ufanane na wa huku. Nyanda za Juu Kusini zina nguruwe wengi, na watafiti waliofanya kazi Mbozi, kwenye nyanda hizo, wamethibitisha kuwa minyoo ya tegu ya nguruwe imo kwa watu na kwa wanyama hao. Mabuu yake yakiingia kichwani huleta kifafa, na baada ya kifafa mkono waweza kulegea kwa muda kama wa mtu mwenye kiharusi. Daktari aliyezoea wagonjwa wa Mbeya atawaza tegu mara moja. Programu iliyofunzwa kutafuta mshipa ulioziba haitauliza mgonjwa anafuga nini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua leseni, programu ipewe picha za zamani za wagonjwa wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, majina yakiwa yamefutwa, na majibu yake yalinganishwe na ya mabingwa pamoja na yaliyowapata wagonjwa baadaye. Matokeo yatangazwe, hata kama ni mabaya. Ikifaulu, iwe msomaji wa kwanza usiku, imwamshe daktari wa zamu, na bingwa athibitishe kwa intaneti kutoka popote alipo. Sahihi ya kuruhusu dawa ibaki ya daktari, kwa kuwa familia ikiuliza kilichotokea, lazima awepo mtu wa kuijibu.