Kitui na Makueni wanajenga, muhuri watoka Nairobi

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishafika Mtito Andei umeingia Makueni. Kuanzia hapo, Kibwezi, Makindu, Emali hadi Sultan Hamud, kila kituo kina majengo mapya: maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Hali ni hiyo hiyo mjini Wote, na ng'ambo ya Mto Athi katika miji ya Kitui kama Mwingi. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 ulipeleka pesa, ofisi na wafanyakazi mashinani, na ujenzi ukafuata. Swali ni moja: nani anayachora majengo hayo, na yakianguka nani atajibu?

Kisheria jibu lipo. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, asili yake ni mwaka 1934, enzi za mkoloni. Inakataza mtu kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo kama hajasajiliwa na bodi inayojulikana kama BORAQS. Kusajiliwa si jambo la siku moja. Kuna digrii ya miaka mitano au sita, mafunzo kazini chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha mitihani ya bodi. Ukishafaulu kuna ada ya usajili, na baada ya hapo leseni ya kila mwaka.

Mwenye kujenga naye ana njia yake. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya upangaji na makazi, kwa hivyo ramani hupelekwa kaunti ipate idhini. Kisha mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Juu ya hayo kuna Kanuni za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968.

Lengo la masharti haya halina ubishi. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakafa watu takriban 50. Halikuwa na idhini. Anayesema leseni ni urasimu mtupu na akumbuke familia zile.

Lakini sharti ni kitu kimoja, na uwezo wa kulitimiza ni kitu kingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, yaani zaidi ya milioni mbili kwa jumla. Ofisi nyingi za wasanifu ziko Nairobi. Na ada ya msanifu kwa desturi hukadiriwa kama asilimia ya gharama ya jengo. Chukua mfano wa mwalimu anayejenga nyumba ya shilingi milioni 3. Hata ada ikiwa asilimia 6 tu, hizo ni shilingi 180,000 kabla hajanunua mfuko mmoja wa saruji. Ongeza malipo ya kaunti, ya mhandisi, na nauli ya kufuatilia karatasi.

Mwananchi akipigiwa hesabu hiyo, hutafuta njia ya mkato. Kijana anayejua kuchora kwa kompyuta anamtolea ramani kwa bei ya chini. Kisha anatafutwa mwenye leseni apige muhuri, huku kiwanja chenyewe hajakikanyaga. Malalamiko ya muhuri wa kukodi ni ya muda mrefu katika fani hii. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa, lakini mtaani anayeamua ukubwa wa nguzo ni fundi. Hapo sheria imekusanya ada, na usalama haujafika.

Wengine watasema dawa ni kuongeza askari wa kaunti na kubomoa. Ubomoaji utatisha, lakini hautazaa msanifu hata mmoja. Tatizo la msingi ni kwamba kaunti hizi hazina wataalamu wa kutosha walio karibu na watu, kwa bei ya watu. Hapo ndipo leseni inapokutana na ufadhili wa masomo.

Usanifu majengo ni miongoni mwa kozi ghali na ndefu. Chini ya mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023, wanafunzi wamewekwa katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Kundi la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Kundi la tano familia hulipa asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka 2025. Mzazi wa Mutomo anayeuza mbuzi kulipa karo afuate lipi?

Tena asilimia hizo ni za karo tu. Karatasi za kuchorea, vifaa vya kutengenezea mifano, kompyuta na gharama za uchapishaji ni juu ya mwanafunzi. Akihitimu, bado ana mafunzo kazini, na ofisi za kumpokea ziko Nairobi, mahali pa kodi ya juu. Mtoto wa maskini anaweza kupata digrii na bado asifike kwenye muhuri. Ndiye huyo huyo anayeishia kuchora ramani ili mwingine aitie sahihi.

Kaunti zimejaribu kusaidia kwa basari, nazo zikakwama. Katiba imeziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Mapema 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu. Magavana wakapinga na jambo likafika mahakamani.

Makubaliano hayo ya maandishi yanaweza kuwa nafasi nzuri, yakitumiwa vyema. Badala ya kugawa basari kidogo kidogo kwa kila mtu, Kitui na Makueni zingeweza kuchagua fani chache zenye upungufu, usanifu ukiwemo, na kulipia mwanafunzi mpaka mwisho, pamoja na ada za mitihani ya bodi. Sharti liwe kwamba atarudi kuitumikia kaunti kwa miaka inayojulikana. Kaunti nayo iajiri wasanifu waliosajiliwa wa kuwasimamia, ili mafunzo kazini yafanyike Wote na mjini Kitui.

La pili, ofisi ya kaunti iwe na ramani za nyumba za kawaida zilizochorwa na kuidhinishwa tayari, azinunue mwananchi kwa ada ndogo. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji kubuniwa upya kila mara. Ghorofa za kupangisha ndizo za kukaguliwa kwa ukali.

Sisi wa Pwani tusidhani haya ni ya Wakamba peke yao. Kwale, Kilifi na Tana River zina pengo hilo hilo. Na Lamu, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilijengwa na mafundi wa mawe na boriti waliokuwa wakiishi mumo humo, na kazi yao ikionekana kwa majirani kila siku. Leseni haikuwepo, ila aliyejenga alijulikana na angeulizwa.

Kwa sasa, kabla hujamlipa mtu, liangalie jina lake katika orodha ya waliosajiliwa na bodi, na mwambie aje kiwanjani. Akikataa kuja, muhuri wake hautakusaidia siku ukuta utakapopasuka.