Kabla ya Paris, panda treni ya Dodoma

Kila muguka unapouzika vizuri Mbeere, au miraa inapopanda bei kule Maua, kuna kijana anayefungua simu na kuanza kutafuta tiketi za bei rahisi. Paris, Milan, Barcelona, wiki mbili, ndege hapa, treni pale. Kwenye simu kila kitu kinaonekana rahisi. Huenda kijana huyo ni wewe.

Sikukatazi. Ila piga hesabu kwanza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90, na ukinyimwa viza hurudishiwi hata senti. Wapo wanaokopa kwa simu ili walipie ombi tu. Kwangu mimi hiyo ni kamari, tena ya mtu ambaye hata Dar es Salaam hajafika.

Safari ya miji kadhaa nje ya nchi unaweza kuipanga kutoka hapa nyumbani. Matatu inakushusha Tea Room, unaenda Syokimau, unapanda treni ya saa nne usiku kwenda Mombasa. Kiti cha kawaida ni shilingi 1,500. Kutoka Mombasa unaruka hadi Unguja, unajibamba Mji Mkongwe siku mbili tatu, kisha boti ya kama saa mbili hadi Dar. Na Dar ndipo utamu ulipo: treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Ni zaidi ya kilomita 400 kwa takriban saa nne. Yetu ya Madaraka bado inakunywa dizeli. Nenda uone tofauti, urudi na maswali ya kuwauliza wanasiasa wako, hasa sisi ambao reli ya karibu inapita Sagana na kuishia Nanyuki, bila kugusa mji wa Embu wala Meru. Kurudi ni basi, kupitia Babati, Arusha na Namanga.

Sasa, mitego. Bei ya ndege unayoiona mwanzo mara nyingi ni ya kiti na kibegi cha mkononi. Sanduku unalilipia kando. Tena ukinunua tiketi mbalimbali, kila moja inajitegemea. Treni ikichelewa ukaachwa na ndege, kampuni ya ndege haina habari na treni yako, na hiyo pesa imeenda. Kwa hivyo usikate tiketi ya ndege ya asubuhi ile ile unayofika Mombasa. Lala mjini usiku mmoja. Gesti ni nafuu kuliko tiketi mpya, na mahamri ya Mombasa hayajawahi kumdhuru mtu.

Halafu kuna karatasi. Uganda na Rwanda utaingia na kitambulisho chako cha taifa, lakini Tanzania usiizoee hivyo: beba pasipoti. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na udungwe sindano angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Pasipoti unaiomba kwa eCitizen, na siku hizi huhitaji kwenda Nyayo House kupigwa picha na alama za vidole, kwa sababu Embu kuna ofisi. Mabeste wakikuharakisha mkate tiketi za ofa zinazoisha leo usiku, waulize kwanza ni nani kati yenu ana pasipoti mkononi.