Msiilaumu gundi, angalieni joto

Mwandishi wa makala kuhusu kola zinazobandikwa kwa gundi ameeleza vizuri, ila naona gundi imelaumiwa mno. Kola ya shati inayotoka malengelenge baada ya kufuliwa mara mbili tatu, mara nyingi iliharibikia kwenye pasi. Zile punje za gundi kwenye kitambaa cha ndani kinachobandikwa kwenye kola zinataka mambo matatu kwa pamoja: joto, mgandamizo na muda. Kwa aina nyingi ni nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi, kwa sekunde 10 hadi 20 hivi, na joto linalohesabiwa ni lile linalofika kwenye gundi yenyewe, katikati ya vitambaa viwili, si namba inayosomeka kwenye mashine ya kubandikia. Likizidi, gundi inapenya hadi nje na kuacha madoa. Likipungua, inashika juu juu tu.

Makala imepita haraka mno kwenye kupoa. Kipande kikitoka kwenye mashine kiachwe kimelala mpaka kipoe kabisa. Ukikikunja kingali moto, gundi bado ni laini na itaachia. Halafu kuna kusinyaa: pamba ambayo haikuloweshwa kabla ya kukatwa itasinyaa, cha ndani kisisinyae, na hapo hakuna gundi itakayokuokoa.

Mafundi wenzangu, kabla ya kukata mzigo mzima, bandikeni kipande kidogo cha kitambaa kilekile, kipoe, kifueni, kisha jaribuni kukibandua kwa vidole. Kikibanduka kirahisi, rekebisheni joto au muda kabla hamjagusa kazi ya mteja.