Bundi Hakuja Kumwita Mgonjwa

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya ndege. Mtauliza: ndege na afya wapi na wapi? Nifuateni taratibu.

Usiku mmoja nilikuwa zamu katika wodi ya watoto. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amelazwa kwa nimonia, yuko kwenye oksijeni na dawa za sindano. Saa nane za usiku bundi akalia juu ya paa, mlio mkali wa kukwaruza. Bibi yake mtoto akasimama, akaanza kufunga vitu vyake. “Nesi, nipe mjukuu wangu. Ameshaitwa. Afadhali afie nyumbani.”

Kumtoa mtoto yule kwenye oksijeni kungekuwa kumwua. Nilimsihi asubiri kuche, hakutaka kusikia.

Mwanafunzi wa uuguzi niliyekuwa naye akatoa simu yake. Ndani yake alikuwa na programu ya kutambua ndege iitwayo Merlin, iliyotolewa mwaka 2014 na wataalamu wa ndege wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Haina malipo. Ukishapakua ndege wa nchi yako, unaona picha zao na kusikiliza milio yao hata mahali pasipo na mtandao. “Shikamoo bibi,” akasema, “hebu sikiliza.” Akamsikilizisha milio ya bundi kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu ndiye aliyekuwa juu ya paa. Picha yake ikatokea: ndege mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo.

“Anakula nini?” bibi akauliza.

“Panya, bibi.”

Bibi akafikiri. “Na hapa kwenu panya wapo?”

“Wamejaa.”

Akaketi. Baada ya siku chache mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyemponya si bundi wala simu, ni matibabu. Lakini matibabu yalipata muda wa kufanya kazi.

Siwacheki wazee wetu. Walichosikia walikisikia kweli. Lakini tujiulize: ni nani huwa macho saa nane za usiku? Ni yule anayeuguza. Bundi hulia usiku kwa sababu ndio wakati wake wa kuwinda. Waliolala hawamsikii, anayekesha na mgonjwa humsikia, na mgonjwa akifariki, bundi hulaumiwa.

Kumbe bundi huyo ni msaidizi wa afya. Panya huharibu chakula ghalani, na viroboto wao huweza kueneza tauni. Watu wa Lushoto wanaijua habari hiyo, kwani ugonjwa huo ulianza kuwasumbua mwaka 1980. Anayempiga bundi mawe anawalinda panya.

Kwa maoni yangu, basi, simu ambazo vijana wetu wanazo tayari zitumike pia kwa elimu ya namna hii. Kijana akishamjua ndege kwa jina, kwa chakula chake na kwa mlio wake, hofu hupungua. Naomba familia zijaribu mambo haya:

1. Tokeni pamoja asubuhi, mtembee na kutazama ndege. Programu ikitaja jina, hakikisheni kwa macho yenu, kwa maana nayo hukosea.

2. Andikeni mlichoona: siku, mahali, aina na idadi. Ipo programu nyingine, eBird, iliyoanza mwaka 2002, inayopokea orodha hizo kutoka duniani kote. Taarifa zenye shaka hupitiwa na watu wenye ujuzi wanaojitolea.

3. Mwulizeni babu au bibi jina la ndege huyo kwa lugha ya nyumbani na mliandike katika daftari. Simu haitawapa jina hilo.

4. Mkiwa nje msirudierudie kupiga milio ya ndege kwa simu. Ndege hudhani mwenzake amevamia makao yake, akahangaika na kuacha kazi ya kulea makinda.

5. Mkikuta ndege mgonjwa, au wengi wamekufa pamoja, msiwaguse kwa mikono. Mjulisheni afisa mifugo, kwani yapo mafua ya ndege yanayoweza kumpata binadamu.

6. Msitumie ovyo sumu ya panya. Mtoto anaweza kuila, na bundi hufa kwa kumla panya aliyeila.

Mwisho, neno kwa kina mama na mabibi. Mtoto akihema haraka kuliko kawaida, mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au kupata degedege, mleteni hospitali upesi, hata kama ni usiku. Hizo ndizo dalili za kuogopa. Mlio wa bundi haumo.