Picha ya Chumbani Ina Wenyewe Wawili

Wapo wanaodai kwamba mke au mchumba akishakubali kupigwa picha za faragha, basi picha hizo ni mali ya mwenye kamera. Dai hilo ni la kinyonyaji, na halina budi kupingwa.

Tumtazame Alfred Stieglitz wa Marekani. Kati ya 1917 na 1937 alimpiga mchoraji Georgia O'Keeffe, aliyemwoa 1924, picha zaidi ya 300, baadhi akiwa uchi. Kamera za siku zile zilimlazimu O'Keeffe kutulia tuli kwa dakika kadhaa. Hiyo nayo ni kazi. Mwaka 1921 picha zake zaidi ya 40 zilitundikwa hadharani mjini New York. Sifa za usanii zilimwendea Stieglitz. O'Keeffe je? Wahakiki walizoea kuutafuta mwili wake katika michoro yake, hasa ya maua, naye akalikana jambo hilo miaka mingi. Hata kama ridhaa ilikuwapo, gharama aliilipa yeye.

Kukubali mbele ya mpenzi si kukubali mbele ya umma. Mpiga picha na aombe ruhusa mara mbili: kabla ya kupiga, na kabla ya kuonyesha. Asiyeweza kuomba mara ya pili, na aiweke kamera chini.